Naomba ushauri: takwimu moja katika tovuti nane, je, inatosha kuitegemea?

Mwanzisha uzi
Habari zenu, wakuu. Ninaandika sura ya pili ya tasnifu yangu, na kuna takwimu moja ya asilimia ambayo ndiyo nguzo ya hoja yangu. Nimeikuta katika tovuti nane, baadhi zikiwa na anwani zinazoishia na .org, kwa maneno yanayokaribiana sana, lakini hakuna hata moja inayosema nani alifanya utafiti wala watu wangapi walihojiwa. Msimamizi wangu ameizungushia duara jekundu na kuandika pembeni: "Chanzo?" Je, wingi wa tovuti hizo si uthibitisho?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu, kwa maelezo yako mwenyewe, huyo ni shahidi mmoja aliyenukuliwa mara nane. Zipange kwa tarehe, kisha fuata viungo hadi ulifikie andiko lililokusanya takwimu zenyewe. Hiyo .org isikutie moyo, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuisajili. Mimi nikikutana na tovuti nisiyoijua, kabla ya kuisoma hutafuta kwanza wengine wanasema nini kuhusu wamiliki wake, maana ukurasa wa "Kuhusu sisi" wameuandika wenyewe.

Mchangiaji wa pili
Naunga mkono, ila hata ukifika kwenye jarida la kitaaluma usiishie hapo. Mwaka 1998 The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12 tu, ikidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliibatilisha mwaka 2010, wakati hofu ilikwishaenea kwa wazazi wengi. Nakala uliyoipakua zamani haitakuambia kwamba makala imebatilishwa, kwa hiyo chukua DOI yake, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, uifungue upya kwenye tovuti ya mchapishaji.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana. Tovuti saba zimeinakili ile ya nane, nayo inataja ripoti ambayo kiungo chake hakifunguki tena. Nimeipata katika Wayback Machine, ile hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa za zamani. Asilimia ipo kweli, lakini chini ya jedwali imeandikwa kwamba waliohojiwa ni wanafunzi 40 wa darasa moja, ilhali tovuti zote zinasema "vijana". Nimeiandika upya aya nzima. Je, katika marejeleo nitaje ipi?

Mchangiaji wa kwanza
Taja ripoti yenyewe, pamoja na anwani ya nakala iliyohifadhiwa na tarehe uliyoifungua.