Tupeane uzoefu: ni ishara gani imewahi kukusaliti kwenye poka?

Mzee wa Shupaza: Wakuu, jana nimekaa na kijana kavaa miwani ya jua usiku, ndani ya nyumba, ili asisomwe. Nikakumbuka mengi. Hebu mwageni.

Nyakwea: Yangu inaniuma mpaka leo. Kasino moja Nairobi, Ijumaa usiku. Mkononi nina kumi mbili. Mezani inaanguka kumi ya tatu na nane mbili. Fulu hausi, yaani tatu za namba moja na mbili za nyingine! Mbele yangu mzee ana rundo la chipu na anaongeza dau kila zamu, nikajua leo ni leo. Kadi ya mwisho ikatoka, nikasukuma zote. Sasa vidole vikaanza. Chipu zinagongana tik tik tik kama meno ya mwenye homa. Moyoni nikasema afadhali, atadhani naogopa, atalipa. Yule mzee hata usoni hakunitazama. Alikodolea mikono yangu, kimya, mpaka dila, yule mgawa kadi, akaanza kukohoa. Kisha akafunua kadi zake: ree na nane. Mtu ana nane tatu, anazitupa! Akaniambia, "Kijana, anayedanganya hujikaza. Wewe umetetemeka."

Kadi Mkononi: Uwiii. Nane tatu?!

Binti Makorora: Pole kaka. Huyo mzee apewe maua yake.

Jirani wa Kariakoo: Mimi sikubali. Kutetemeka ni woga. Mtu akitetemeka nalipa nimwone.

Nyakwea: Lipa, ndugu yangu. Utarudi Kariakoo kwa miguu.

Mwalimu Fumo: Mzee alijua anachotazama. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti: walionyesha watu video za mashindano ya dunia ya poka. Walioona mikono tu ikisukuma chipu walikisia ubora wa kadi vizuri kuliko walioona nyuso tu.

Jirani wa Kariakoo: Video si meza. Uso ndio kila kitu. Mtazameni Moneymaker, bingwa wa poka wa dunia, Las Vegas 2003, alivyokauka kama gogo.

Mwalimu Fumo: Umenisaidia mwenyewe. Sammy Farha, mpinzani wake, aliukagua uso huo huo, akamchokoza kwa maneno kwamba flashi, yaani kadi tano za rangi moja kama shupaza tupu, imemponyoka, na kweli ilikuwa imemponyoka. Moneymaker hakuwa na hata jozi, mkubwa wake ni mzungu wa nne, yaani mfalme. Farha akatupa jozi ya tisa iliyokuwa inashinda. Mwishowe mwenzake akaondoka na ubingwa na dola milioni 2.5.

Kadi Mkononi: Turudi kwa yule mzee jamani. Alikula nini?

Bi Mkubwa Unguja: Kwetu kwenye wahedi na sitini, karata ya wawili kwa wawili, mambo ni kinyume, una mwenzio mbele yako na unataka akusome yeye tu. Marehemu babu akiwa na ree ya turufu alikuwa akivuta mdomo upande wa kushoto. Wapinzani walipomjua, akawa anauvuta hata akiwa mtupu, na bibi peke yake ndiye aliyejua lini ni kweli.

Binti Makorora: Mimi nahesabu mpaka tano kimoyomoyo kila zamu, niwe na kitu au sina.

Mzee wa Shupaza: Mimi napiga soga mfululizo. Ukinyamaza ghafla ndipo wanakukamata.

Jirani wa Kariakoo: Soga ndiyo inayokuuza, mzee wangu. Sauti hupanda.

Nyakwea: Na vidole je? Kuna dawa?

Mwalimu Fumo: Usiziguse chipu. Tamka "zote" na ukae, tamko lako linakufunga kama ulivyosukuma.