Kidonge cha montelukasti pamoja na dawa ya kuvuta: mtoto bado anakohoa usiku

Mama wa Langoni, Lamu

Assalamu alaykum. Mwanangu wa miaka 12 ana pumu pamoja na mafua ya mzio. Kwa miezi minne amekuwa akivuta beklometasoni asubuhi na jioni, lakini bado huamka mara tatu kwa wiki akikohoa, kifua kikipiga mluzi, nasi hulazimika kumpa salbutamoli. Daktari ameongeza kidonge cha kutafuna cha montelukasti, miligramu 5 kila jioni. Leo ni siku ya tisa: pua imefunguka na kikohozi kimepungua kidogo, ila juzi na jana alipiga mayowe usingizini, jambo ambalo si kawaida yake. Je, huenda ni kidonge? Na kikimfaa, naweza kumwachisha dawa ya kuvuta?

Muuguzi, Malindi

Waalaykum salaam, dada. Nianze na la pili: usimwachishe. Beklometasoni hutuliza uvimbe wa njia za hewa kwa upana wake, ilhali montelukasti huzuia kazi ya lukotriini tu, kemikali za mwili zinazobana njia hizo na kuzijaza makamasi. Ndiyo maana kidonge huongezwa juu ya dawa ya kuvuta, na kikitumika peke yake huwa dhaifu kuliko hiyo. Mwenye mafua ya mzio aghalabu hunufaika nacho pande zote mbili, pua na kifua. Pumu ikimshika ghafla, hata hivyo, kidonge hakimwokoi, mpe salbutamoli.

Hayo mayowe usiyapuuze hata kidogo. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hii ibandikwe onyo la kiwango cha juu kabisa, kwa kuwa baadhi ya watumiaji hupatwa na ndoto za kutisha, hasira, huzuni na hata mawazo ya kujiua. Mpigie daktari leo hii, usingoje siku ya miadi.

Baba, Shela

Bibi, mtazame pia anavyovuta. Wangu alikuwa akibonyeza kopo, ukungu mweupe unamtoka puani na pembeni mwa midomo, nasi tukiilaumu dawa. Tulifundishwa kutoboa kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, tukachomeka inhela hapo ikabana barabara, naye akavuta taratibu kwenye mdomo wa chupa. Usiku wake ulitulia kabla hatujafikiria kidonge chochote.

Mama wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Daktari amekisimamisha kidonge na mayowe yamekoma. Nilipomtazama mwanangu akivuta, ukungu ulimtoka vilevile puani, basi sasa anatumia chupa. Tena nimetambua kwamba chetezo cha udi kilikuwa kikiwashwa kila magharibi katika chumba anacholala. Sasa udi hauwashwi tena ndani. Usiku wa kuamkia leo alilala mpaka adhana ya alfajiri, na salbutamoli haikuguswa.