Gari limebadilishwa gasketi, bado linachemsha: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada wa mawazo, hasa mafundi mliomo humu.

Nina Toyota IST, nipo Dar. Lilianza kuchemsha kwenye foleni, gereji wakasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku ya chini) imeungua. Nikalipa laki nne na nusu, vifaa na ufundi. Sasa linachemsha tena. Maji yanapungua na chini hapavuji, asubuhi linatoa moshi mweupe, na mfuniko wa oili una utando kama maziwa ya chai.

Nimelirudisha, fundi anadai sasa rejeta ndiyo mbovu, nilipe upya. Nikimuuliza kama hedi ilisawazishwa kwa mashine kabla ya kufungwa, hajibu. Gasketi ya zamani hakunionyesha, na risiti hakunipa. Imeniuma sana, maana gari hili ndilo linalompeleka mama kliniki. Kwa sasa nimelipaki.

Je, dalili hizi ni za hedi iliyopinda, au kweli rejeta? Na nikienda Tume ya Ushindani (FCC) au Mahakama ya Mwanzo kudai arudie kazi bure, ujumbe wa malipo ya M-Pesa unatosha kuwa ushahidi?