Mbwa wangu wa milimani amekufa, hivi nilishindwa kuona dalili? Na nyie mlirudije porini?

begi_mgongoni

Wakuu habari zenu. Naandika hapa kwa sababu nyumbani nimeshachoka kulia na watu wameshachoka kuniuliza nina nini. Leo siku ya 19 tangu Doa afe. Alikuwa jike, miaka 11, kilo 31, mweupe mwenye baka jeusi jicho la kushoto ndo maana tukamwita hivyo. Tulianza kupanda milima pamoja alipofika mwaka na nusu, mvua, jua, ukungu, kulala hemani, kuvuka mito, popote nilipoenda na begi mgongoni yeye alikuwa mbele yangu hatua kama ishirini.

Hizo hatua ishirini ndo zinaniua. Alikuwa na tabia yake, akifika kwenye kona anasimama, anageuza kichwa, anasubiri mpaka anione ndo aendelee. Nikikaa kufunga kamba za viatu anasubiri. Nikichelewa sana anarudi nusu ya njia, ananikagua, halafu huyoo anaondoka tena. Yaani miaka tisa na nusu kila kona niliyopinda nilikuta uso wake unaniangalia.

Sasa kilichotokea. Wiki tatu kabla hajafa tulienda safari ya kawaida tu, kilomita 12 kwenda na kurudi. Katikati ya mpando akalala chini, kitu ambacho hajawahi kufanya. Nikadhani joto, nikampa maji akanywa kidogo, nikakaa naye kama dakika kumi halafu nikavuta kamba nikamwambia twende mama, usiniangushe leo. Akainuka akaja. Ila siku ile alitembea nyuma yangu njia nzima, hakwenda mbele hata mara moja, na mimi nikasema moyoni ah, uzee huo umeingia. Kesho yake alishinda amelala, keshokutwa mzima kabisa, anakula, anakwaruza mlango anataka kutoka, nikasahau.

Halafu asubuhi moja nikamkuta ameanguka sebuleni, fizi nyeupe kama karatasi, tumbo limejaa. Nikambeba mikononi mpaka kwenye gari. Kwa daktari wakampiga altrasaundi, wakasema ana uvimbe kwenye bandama umepasuka, damu imejaa tumboni, na kwenye ini kuna madoa inaelekea umeshasambaa. Nikaelezwa upasuaji, nikaelezwa sindano ya kumpumzisha moja kwa moja, nikaachiwa nichague. Nikachagua sindano. Nilikaa naye sakafuni kichwa chake kwenye paja langu. Daktari kasikiliza moyo, kasema ameshaenda, na kama dakika moja baadaye akavuta pumzi moja kubwa, kifua kikainuka kabisa. Nikaambiwa ni kawaida lakini ile pumzi naisikia kila usiku.

Naomba mnisaidie. Nilimvuta kamba akiwa anavuja damu ndani? Nilitakiwa kujua? Ile pumzi, alikuwa bado yupo? Na wale mliowahi kupoteza mbwa wa safari, mlirudije huko? Juzi nilifungua begi nikitafuta tochi nikakutana na bakuli lake la kukunja, ndani tope limekauka na unywele mmoja mweupe umekwama humo. Nikalifunga begi. Sijalifungua tena.

mtembezi_wa_ukungu

Pole sana mkuu. Sina la maana la kukwambia, nimesoma mpaka hapo kwenye unywele nikaita wangu aje alale miguuni. Pole.

tabibu_wa_wanyama

Pole sana ndugu yangu. Natibu wanyama miaka mingi sasa na hicho ulichoeleza nimekutana nacho mara nyingi mno, kwa hiyo nitakujibu moja kwa moja bila kukubembeleza.

Uvimbe wa bandama unaopasuka kwa mbwa mkubwa aliyezeeka, mara nyingi huwa ni saratani inayoitwa hemanjiosakoma, inaanzia kwenye chembe zilizotanda ndani ya mishipa ya damu. Mimi sikumpima Doa, siwezi kuapa kuwa ndo yenyewe, ila mwendo wake ni huohuo. Unakua kimya kimya. Unavuja kidogo, mbwa analegea siku moja, mwili unainyonya ile damu, anarudi kuwa mzima. Ndo maana keshokutwa yake alikuwa anakwaruza mlango. Ugonjwa huu unadanganya hata sisi tuliosomea, kuna mbwa anakuja kwa ukaguzi wa kawaida, vipimo vya damu vinatoka safi, mwezi unaofuata analetwa amebebwa.

Inawezekana siku ile mlimani alikuwa anavuja? Ndiyo, inawezekana, sitakuficha. Lakini uvimbe haukuletwa na mpando wala na kamba. Tuseme ungemleta kwangu kesho yake na tungeuona, tungetoa bandama, na kama ni aina hiyo basi kwa upasuaji peke yake wengi wanaishi mwezi mmoja hadi mitatu, ukiongeza dawa za saratani miezi minne hadi sita hivi, na huku tayari kwenye ini kulikuwa na madoa. Muda mwingi wa hapo ungekuwa kwenye benchi la hospitali. Wewe ulipata wiki tatu za mbwa anayekula na kudai kutoka.

Kuhusu pumzi. Ile dawa ni ya jamii ya nusukaputi, tunampa dozi kubwa sana. Fahamu inazima kwanza, ndani ya sekunde chache, halafu upumuaji unasimama, halafu moyo. Baada ya hapo misuli ya kifua inaweza kujikaza yenyewe, na kwa nje inaonekana kama amevuta hewa. Hakuwepo wa kuhisi kitu. Nasikitika hukuambiwa kabla, hili la kueleza mapema ni la lazima kabisa, mimi huwa nakaa na mwenye mbwa kwanza namwambia macho yatabaki wazi, anaweza kujikojolea, anaweza kuvuta pumzi au misuli kucheza, usishtuke. Ukiisikia usiku, jua ulikuwa mwili tu.

Na wengine mnaosoma, kwa sababu si kila uvimbe wa bandama ni saratani na wapo wanaotolewa wakapona kabisa: mbwa akilegea ghafla inua mdomo uangalie fizi. Bonyeza kwa kidole, paweupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa au fizi zote zimepauka usingoje kesho, hata kama ni usiku wa manane.

njia_panda

Mimi nilimpoteza wangu miaka minne iliyopita, dume, alikuwa na miaka 13, figo. Nakujibu hilo la kurudi.

Nilirudi haraka na nikarudi njia yetu ileile, tena ndefu kuliko zote, nikijiambia namuenzi. Mkuu usifanye hivyo. Kuna sehemu njia inagawanyika mara tatu kwenye msitu, nimepita pale zaidi ya mara thelathini, nikafika nikasimama sijui niende wapi. Nikagundua ile njia mimi sikuwahi kuijua. Yeye ndo alikuwa anaijua. Pua yake ilikuwa inasoma tulikopita mara ya mwisho mimi nafuata mkia, nawaza mambo yangu, nachezea simu. Nilikaa kwenye jiwe pale nikalia kama mtoto, halafu giza likaanza kuingia na nikashuka njia ambayo siyo, nikatokea upande mwingine kabisa wa mlima saa tatu usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kizembe kidogo lakini ni wa kweli: ukirudi, mwambie mtu unaenda wapi na utarudi saa ngapi, beba ramani, na nenda mchana sehemu fupi. Huzuni inakula akili. Utasahau maji, utasahau koti, utaita jina lake bila kujua. Mimi bado nikifika kambini nalala upande mmoja wa hema, ule mwingine nauacha.

mlezi_wa_wawili

Pole sana kaka (au dada, samahani sijajua). Naomba niongeze moja tu maana najua watakuja watu kukwambia chukua mwingine. Mimi nilichukua. Wiki mbili baada ya wangu kufa nilishaleta mtoto wa mbwa ndani, na nilimkosea sana yule mtoto. Kila alichofanya nilikuwa nampima na marehemu, mbona haji nikimpigia mluzi, mbona anaogopa mto, mbona anakojoa hemani. Ana miezi mitano jamani! Halafu nikawa na haraka ya kumpeleka milimani kuziba pengo, kumbe mbwa wa umbo kubwa mifupa yake inaendelea kukua mpaka mwaka, wengine mwaka na nusu, hatakiwi kulazimishwa safari ndefu za mawe na miteremko kabla ya hapo. Akaanza kuchechemea mguu wa mbele nikaambiwa nimpumzishe miezi miwili. Nililia upya, safari hii kwa aibu. Leo ana miaka sita na tunapendana sana, lakini mwaka wake wa kwanza aliishi kwenye nyumba ya msiba ambao haukuwa wake. Subiri mpaka utakapomtaka mbwa, si mpaka utakapomtaka Doa.

begi_mgongoni

Nimesoma zote, nyingine mara mbili mbili. Daktari asante, hujanificha na ndo nilichokuwa nahitaji, watu wote wananiambia "hukuweza kujua" kwa haraka haraka ili ninyamaze. Ile sehemu ya pumzi nimemsomea mke wangu kwa sauti maana naye alikuwepo na kumbe naye alikuwa anaisikia, hatukuwahi kuambiana.

Njia_panda hilo la kufuata mkia limenigonga, maana hata mimi kuna mahali nilikuwa namwachia yeye achague.

Kazini nimerudi wiki iliyopita, bosi akaniuliza mbona umekonda, nikamwambia mbwa wangu amekufa, akacheka kidogo akasema nilidhani ni mtu, si utafute mwingine. Tangu hapo nasema naumwa kichwa.

udongo_na_mifupa

Mkuu usione aibu hata kidogo. Mimi napenda sana habari za kale nikupe moja. Mwaka 1914 huko Ujerumani, Oberkassel karibu na Bonn, wachimba mawe walikuta kaburi la mwanaume na mwanamke, na ndani yake pamoja nao mifupa ya mbwa. Kaburi lina miaka kama 14,000. Kilimo bado, vyungu bado kabisa kwa pande zile, watu wanahamahama kwa miguu wakifuata wanyama wa kuwinda. Baadaye wataalamu wakachunguza meno ya yule mbwa, alikuwa bado mtoto, miezi kama saba, na meno yana alama kwamba aliugua distempa, ugonjwa mkali wa virusi wa mbwa, vibaya sana, zaidi ya mara moja. Wanaojua ugonjwa huo wanasema bila kutunzwa angekufa mapema, mtu alikuwa anamsafisha, anampa maji, anamweka kwenye joto wiki baada ya wiki. Mtoto wa mbwa mgonjwa hawindi, halindi, hafai kwa kazi yoyote. Walimuuguza tu. Halafu wakamzika na watu wao.

Bosi wako hajui anachokicheka.

begi_mgongoni

Mrejesho wakuu, nimepotea kama mwezi hivi.

Jumamosi nilienda. Sikwenda mbali, nilimwambia mke wangu narudi saa sita, nikaenda mpaka kona ya kwanza tu ya njia yetu, ile yenye mzizi mkubwa uliokatiza, kutoka getini ni kama dakika 25. Nilipanga nikifika pale nigeuke. Nilipokaribia nilipunguza mwendo, nikasimama kabla sijapinda, nikasimama weee. Halafu nikapinda. Hakukuwa na mtu wala mbwa, mzizi tu na jua linapita katikati ya majani.

Nikakaa. Nikatoa chupa ya maji, na mkono wenyewe ukaingia mfuko wa pembeni wa begi ukatoa bakuli, nikalikunjua, nikamimina maji kabla sijajua nafanya nini. Tope lile kavu likaanza kulainika, maji yakawa rangi ya chai. Unywele ukaelea. Nikautoa kwa kidole nikauweka ndani ya kifuniko cha tochi ambako huwa naweka betri ya akiba. Maji nikayamwaga kwenye mzizi, nikalifuta bakuli na shati.

Sijafika kileleni na sidhani mwaka huu nitafika. Jumamosi ijayo nataka niende mpaka kwenye mto, na ramani nimeshanunua maana baada ya mto kuna pale ambapo yeye ndo alikuwa anachagua.

Kamba yake bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango.

mlezi_wa_wawili

Iache hapohapo. Na ukiweza tuwekee picha yake, tumeishi naye uzi mzima hatujamuona uso.