Gapi wangu wanatoka na mgongo uliopinda, na kuna mteja anawataka hao hao

Binti Makorora:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa samaki wa mapambo. Nipo Tanga, Makorora, nafuga gapi kwenye mabeseni uani na tangi moja la kioo ndani. Nilianza mwaka jana na majike wawili na dume mmoja niliowatoa Dar kwa basi, sasa hivi wapo mia na kitu na wote ni watoto na wajukuu wa hao hao watatu, sijawahi kuongeza wa nje. Uzao wa mwisho jike mmoja kanipa kama thelathini, walivyozaliwa niliwaona wazima kabisa ila kufika wiki ya tatu ya nne hivi saba migongo ikaanza kupinda, wengine kama herufi S, na mmoja ni mfupi mno, tumbo mviringo kama punje ya ubuyu, akiogelea anatikisa mwili mzima.
Sasa kuna mteja mwenye duka kawaona akaniambia hiyo ni aina mpya, nimtenge huyo mfupi na waliopinda niwapandishe wenyewe kwa wenyewe, atanunua kwa bei mara tatu ya gapi wa kawaida. Hela naihitaji, sifichi, lakini nikikaa pembeni ya beseni nikiwaona wanavyohangaika kupanda juu kula roho inaniuma. Hii ni ugonjwa, chakula, maji au ni damu, yaani kurithi? Na mngekuwa mimi mngewazalisha?

Fundi Matangi:
Pole dada. Usikimbilie kusema damu kabla hujaondoa mengine maana mgongo kupinda una sababu nyingi. Kwanza chakula, kile cha unga cha kopo vitamini C yake inapotea kikishafunguliwa na kukaa muda, na kwa joto letu la Tanga ndo haraka zaidi, samaki mdogo akiikosa mifupa inapinda. Pili kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu, huyu anakondesha samaki, anampa vidonda na mgongo unaweza kupinda hata kwa mkubwa aliyekuwa amenyooka. Huyo muogope kwa sababu anampata na binadamu kupitia mchubuko, unaota vinundu mkononi visivyopona, kwa hiyo kama una kidonda usiingize mkono kwenye maji na acha kabisa kuvuta maji kwa mdomo kwenye mpira, najua wengi tunafanya hivyo.
Niambie, wakubwa wakoje? Kopo la chakula lina muda gani? Na jike wa pili watoto wake wamenyooka?

Binti Makorora:
Asante kaka. Wakubwa wote wanakula vizuri hakuna aliyekonda wala kidonda. Kopo lina kama miezi minane tangu nilifungue, lipo dirishani jikoni, kumbe nakosea. Huwa namtenga mama akikaribia kuzaa ndo maana najua nani kazaa nani, jike wa pili alizaa wiki hiyo hiyo, wakala chakula hicho hicho na maji yale yale, wake wote wamenyooka. Huyu wa waliopinda namkumbuka, dume niliyekuwa namuacha naye ni kaka yake wa uzao mmoja.

Fundi Matangi:
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Kopo tupa, ila hapo damu ina mkono mkubwa. Gapi mgongo kupinda kwa kurithi ni jambo linalojulikana, hata wanasayansi wamewafuga wa hivyo kuchunguza maradhi ya uti wa mgongo ya binadamu. Na inakuwa hivyo ulivyoona, anazaliwa mzima halafu anapinda akikua.

Babu wa Pongwe:
Mwanangu mimi nimefuga kuku na mbuzi kabla ya samaki na jambo ni lile lile. Kila mfugaji anajua beberu hakai na binti zake, mnabadilishana na jirani. Ile kasoro ipo imejificha kwa mama na kwa baba, ndugu wakikutana mtoto anaipokea pande mbili na ndo inatokeza. Ukiwapandisha waliopinda wenyewe kwa wenyewe utakuwa umeikaza kwenye ukoo mzima, na hao watoto wako walionyooka wa jike yule wengi watakuwa wameibeba bila kuonyesha, hao ndio wa kuangalia zaidi.
Halafu jambo ambalo wengi hawalijui, jike wa gapi anahifadhi mbegu ya dume miezi kadhaa, atazaa tena na tena kila baada ya wiki nne hivi hata kama dume hayupo. Kwa hiyo kumtoa dume peke yake haisaidii. Watoto watenge mapema, kuanzia wiki ya tatu anza kuangalia pezi la chini karibu na tumbo, kwa dume linarefuka na kuchongoka kama sindano, ukiliona tu mtoe. Tafuta madume wa ukoo mwingine kabisa, wakae beseni lao peke yao mwezi mzima kwanza, kisha wapandishe na majike ambao hawajaguswa na andika kwenye daftari.

Muuza Samaki Ngamiani:
Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Naheshimu mzee wangu ila hata goldifishi wenye mikia miwili walianza kama kasoro, Wachina wamewachagua kwa karne nyingi na leo dunia nzima inawapenda. Wateja wanaingia dukani wanataka kitu ambacho jirani hana. Wale samaki moli wa baluni, wenye tumbo mviringo, ni mgongo mfupi tu na wanauzika sana. Kama samaki anakula na anaishi kosa liko wapi? Huyu dada ana nafasi ya kupata riziki.

Babu wa Pongwe:
Riziki siikatai mwanangu, na si kila badiliko ni ulemavu, rangi ya dhahabu au mkia mpana kidogo samaki anaishi nao vizuri tu. Mimi naangalia mambo matatu, anaogelea bila kuhangaika, anakula mwenyewe, anazaa mwenyewe. Huyo moli wa baluni mifupa imebanwa na matumbo yamebanwa humo humo. Samaki wanaoitwa bladi paroti, waliotengenezwa Taiwan, mdomo haufungi vizuri, chakula wanakisaga kooni. Kuna goldifishi wenye vifuko vya maji chini ya macho, kikikwaruza jiwe kinapasuka, na wengine macho yanatazama juu tu, chakula kikiwa mbele yao hawakioni. Hata gapi wapo waliorefushwa mapezi mpaka ile sindano ya dume imezidi urefu hawezi kupanda tena, mfugaji anatumia kaka zao wa mapezi mafupi. Samaki plati ukimchanganya na samaki swodteli, baadhi ya watoto madoa yao meusi yanageuka saratani, limejulikana tangu miaka ya 1920. Hao wote wana wateja na wote wanakula, lakini nenda kakae nao siku nzima uwatazame.

Mama Zigi:
Naongeza moja tu, msije mkawamwaga mtaroni au mtoni. Gapi anazaliana popote, na maji yetu yana samaki wa asili, kuna perege anaitwa kabisa kwa jina la Korogwe, tayari sato wa kuletwa wamechanganyika na perege wa asili sehemu nyingi za nchi. Ambaye hawezi kabisa kula tumia mafuta ya karafuu, matone machache kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, tikisa mpaka yawe meupe, mimina polepole kwenye bakuli alimo. Akishalala ongeza, muache nusu saa nzima baada ya mashavu kutulia. Haumii.

Binti Makorora:
Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Nimempigia yule mteja nimemwambia siwezi, hakufurahi, basi. Watano kati ya saba wanakula vizuri nimewapa beseni lao la maji mafupi, madume na majike mbalimbali, watakaa humo mpaka siku zao ziishe. Wawili wameshindwa kabisa kupanda juu, leo jioni natafuta mafuta ya karafuu. Huyo mfupi bado namuangalia. Mama yao na wale walionyooka siwazalishi tena. Babu shikamoo, una madume wa ukoo mwingine huko Pongwe?

Babu wa Pongwe:
Marahaba mwanangu. Ninao wa bluu na wa mkia mwekundu, nitakupa wanne wa koo mbili. Njoo Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali, na ndoo yenye mfuniko, maji nusu tu ili hewa ibaki.