Mrejesho: Baba ameongea

Shikamooni wakubwa. Niliuliza mwezi uliopita jinsi baba, aliyetobolewa koo na kuunganishwa na mashine ya kupumulia, angeweza kusema nasi. Tulianza na ubao wa herufi: naigusa, anakopesa jicho. Neno "maji" lilikula dakika nzima.

Juzi hapa Tanga daktari alitoa upepo kwenye kile kiputo kinachozunguka mpira wa kooni, akarekebisha mashine, akapachika vali ya njia moja. Hewa inaingia kwa mpira, inatokea juu kupitia nyuzi za sauti. Kiputo kikibaki kimejaa huku vali imepachikwa, mgonjwa hawezi kutoa pumzi, kwa hiyo nesi hakubanduka kitandani.

Sauti ilikuwa nyembamba, inakwaruza: "Mama yenu amekula?" Mama alijifunika kanga usoni.

Mlioniambia niulizie vali, asanteni mno.