Naombeni ushauri: taa gani ya kuvulia usiku kwenye kayaki?

KafiMoja: Wakuu habari za jioni. Mimi mgeni kwenye uvuvi ila nina miezi miwili natoka usiku na kayaki huku Kunduchi, mshipi tu na chambo cha ngisi, napata changu na vibua vya mboga. Shida yangu taa. Ya kichwani nikiwasha wadudu wananijaa usoni, nikizima sioni ndoana. Mara ya mwisho kulikuwa na mwezi mkubwa, saa nne usiku maji yamejaa mpaka kwenye ngazi, raha tupu, sasa giza linaanza. Kuna anayesema kijani inaita dagaa, mwingine nyeupe. Jumamosi natakiwa niingie. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Dau: Kijana taa sio shida, shida umande. Usiku upepo unatoka bara kwenda baharini, hicho kiplastiki chako kinasukumwa kama kopo na wewe unajiona unapiga kafi vizuri tu. Mimi na shemeji yangu tulitoka Mafia na ngalawa, yeye akasema tusitie nanga tutasinzia kidogo, tumeamka hatuoni mnazi hata mmoja, na maji ya kunywa shemeji kashayamaliza maana alikula urojo mchana, toka siku hiyo hatuelewani vizuri mpaka leo.

Sista Ndimu: Miezi miwili usiku baharini? Mkeo anajua hao changu wanatoka baharini kweli?

Boya_Lipo: Kayaki bongo sio bei ya mtu wa vibua vya mboga. Umeipata wapi?

KafiMoja: Mkuu hilo halihusiani na taa.

Boya_Lipo: Linahusiana. Ukipinduka, nani atajua haijarudi?

KafiMoja: Haya. Ni ya kazini. Mimi ni mlinzi wa usiku hotelini, zipo sita zimelala tu mchangani, wageni usiku hawazigusi. Saa kumi na moja nishaisuuza nishaigeuza ilivyokuwa. Mnaonisema hamjui mshahara wangu. Na mama wa banda la samaki kashanitangulizia elfu thelathini, nimelipia nusu ya taa ya kijani, kwa hiyo kurudi nyuma haiwezekani.

Sista Ndimu: Ahaa! Unaulizia taa na ushainunua. Kaka hiyo ni amana ya watu, umepewa uilinde we unaipanda.

Fungu la Chumvi: Mbele yako hapo kuna kisiwa cha Mbudya, na Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, hakuna kuvua. Huo umande wa mzee ukikuamshia kule na mshipi mkononi utaeleza nini?

BamvuaTupu: Wakuu mnakunywa chai hamjui tu. Mwezi mkubwa ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na bamvua huku kwetu maji yanajaa saa kumi, saa nne yamekupwa mpaka unatembea kwa miguu unaokota pweza. Huyu anasema saa nne yamejaa kwenye ngazi! Hajawahi hata kulowa magoti. Mods funga uzi.

Sista Ndimu: Nilijua. Na mimi nishaanza kumwonea huruma 😂

KafiMoja: Sio chai jamani. Mwezi haukuwa mpevu, ulikuwa nusu, mimi naita mkubwa kwa sababu nilikuwa naona. Na ngazi nimeongeza kidogo, yalifika chini yake.

Mzee wa Dau: Nusu mwezi maji mafu, saa nne yanajaa, ila hayajai sana. Hapo kasema kweli. BamvuaTupu umewahi.

BamvuaTupu: Sawa mzee, kwa hilo nanyamaza. Ila bado swali moja, ukiwa majini getini anabaki nani?

KafiMoja: Mbwa yupo.

Boya_Lipo: Na boya la kuvaa?

KafiMoja: Yamefungiwa stoo, ufunguo anao meneja. Sasa kijani au nyeupe?

Mzee wa Dau: Kijani ining'inize majini, hiyo ya dagaa. Nyeupe iwe juu ya mti nyuma yako, boti za mashine zikuone, zile hazisimami. Na nanga, hata jiwe na kamba ndefu. Usiku ukishapoteza ufukwe usipige kafi kwa kukisia.

Sista Ndimu: Mi bado nasema ni dhambi. Changu kilo unauza ngapi?